Barua Aliyoibeba Onesimo

Jumapili moja mwaka jana nilikaa kanisani na binamu yangu, ambaye alikuwa amerudi Nairobi miezi mitatu tu kutoka nchi moja ya Ghuba. Mahubiri yalikuwa kuhusu kazi. Pasta alifungua Waefeso sura ya 6, pale watumwa wanapoagizwa wawatii mabwana zao kama wanavyomtii Kristo. Akatuambia mtumwa hapo ni mfanyakazi, yaani wewe na mimi. Ukimheshimu bosi umemheshimu Mungu. Ukimkimbia bosi umemkimbia Mungu. Watu wakasema amina. Binamu yangu alinyamaza.

Tukiwa stage tukingoja matatu akaniuliza, "Sasa mimi si nilitoroka? Hiyo ni dhambi?"

Kule alikokuwa, mwajiri alichukua pasipoti yake siku ya kwanza. Alikuwa akiamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mshahara wa miezi minne haukulipwa. Usiku mmoja akatoka kwa mlango wa nyuma na simu yake na nguo alizovaa. Chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi wa nyumbani akiondoka bila ruhusa ya mwajiri anaweza kuripotiwa kwamba ametoroka, na kuanzia hapo yeye ndiye anayetafutwa na polisi, hata kama mshahara wake umekaliwa na mtu mwingine. Kiswahili kina neno la zamani la mtu wa namna hiyo. Siku hizi tunalitumia kwa mwanafunzi anayekwepa shule, lakini pwani yetu ililijua kwa maana nzito zaidi: mtoro.

Pale stage sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na limenipeleka kwenye barua fupi kuliko zote za Paulo, halafu likanipeleka Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa.

Wacha tuanze na maandiko, bila kuyapaka rangi. Waefeso 6 si aya iliyoponyoka kwa bahati mbaya. Iko pamoja na Wakolosai 3, Timotheo wa Kwanza 6 na Tito 2. Petro wa Kwanza sura ya 2 inaenda mbali zaidi na kumtaka mtumwa amtii hata bwana mkali. Njia rahisi ya kupita hapo ni ile ya pasta wetu: ondoa mtumwa, weka mfanyakazi, kisha hubiri kuhusu kufika kazini mapema. Lakini mtumwa wa Efeso hakuwa na barua ya kuajiriwa wala hakuweza kujiuzulu. Mwili wake ulikuwa mali ya mtu, na watoto wake pia. Ukimgeuza kuwa karani wa ofisi umemfuta, na umempa bosi wa leo mamlaka ambayo hata sheria ya Kenya haimpi.

Njia ya pili ni kusema hayo ni mambo ya zamani, turuke ukurasa. Nayo ina shida yake. Aya hizo zimetumika juu ya watu halisi, na watu hao walikuwa na majibu yao. Ukiruka ukurasa unawaruka na wao.

Ndiyo maana nataka tusome barua kwa Filemoni. Ni sura moja yenye aya 25. Paulo yuko kifungoni. Onesimo, mtumwa wa tajiri Mkristo aitwaye Filemoni, amefika kwake na kuamini. Kwa karne nyingi wasomaji wamechukulia kwamba Onesimo alikuwa ametoroka, ingawa barua haitumii neno hilo. Sasa Paulo anamrudisha, na mtumwa mwenyewe anaondoka na mustakabali wake ulioandikwa na mtu mwingine.

Jina Onesimo, kwa Kigiriki, maana yake ni mwenye kufaa. Lilikuwa jina la kawaida la watumwa, na Paulo analichezea kidogo akisema mtu ambaye zamani hakufaa sasa anawafaa wote wawili. Pwani yetu ilikuwa na desturi kama hiyo. Mabwana waliwapa watumwa majina ya heri kama Mabruki na Feruzi, majina yaliyomtakia kheri mwenye mali.

Ndani ya barua kuna mambo matatu ambayo hayakai pamoja kwa urahisi. Aya ya 12, Paulo anamrudisha Onesimo. Aya ya 16, anamtaka Filemoni ampokee kama ndugu, zaidi ya mtumwa. Aya ya 18, anasema kama Onesimo ana deni lolote, liandikwe kwa jina lake Paulo. Hakuna mahali anapoamuru waziwazi mtu huyu aachwe huru. Historia ya kuifasiri barua hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya watu kuchagua aya moja kati ya hizo tatu na kuzinyamazia nyingine.

Katika karne ya nne, baraza la maaskofu lililokutana Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, lilimlaani yeyote anayemfundisha mtumwa, kwa kisingizio cha dini, kumdharau bwana wake na kuacha utumishi. Yohana Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa karne hiyo, alipofika kwa Filemoni alisema barua inatufunza tusiwatoe watumwa mikononi mwa mabwana zao. Hao walichagua aya ya 12.

Utasikia watu wakisema tusiwahukumu, zama zile kila mtu aliwaza hivyo. Si kweli. Karne hiyo hiyo, eneo hilo hilo la Asia Ndogo, Gregori wa Nisa alihubiri juu ya kitabu cha Mhubiri na kuwageukia wenye watumwa. Aliwauliza walilipa bei gani kununua kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na ni nani aliyekuwa na haki ya kumuuza. Alikuwa na Biblia ile ile.

Rukia Georgia, Marekani, mwaka 1833. Mchungaji mzungu aitwaye Charles Colcock Jones, mwenyewe mwenye watumwa, aliwahubiria watumwa barua kwa Filemoni na kulaani tabia ya kutoroka. Tunajua kilichotokea kwa sababu aliandika ripoti mwenyewe. Nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao. Waliobaki hawakuficha hasira. Baadhi walimwambia kwamba barua kama hiyo haimo katika Biblia, na wengine kwamba hawatarudi kumsikiliza tena. Watu waliokatazwa kusoma walikuwa wamefasiri maandiko kwa miguu yao.

Mwaka 1850 Marekani ikapitisha sheria kali ya kuwarudisha watoro, iliyowalazimisha hata raia wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwakamata. Wahubiri walioiunga mkono walishika Filemoni. Waliopinga walifungua Kumbukumbu la Torati 23, aya ya 15 na 16, ambapo Waisraeli wanakatazwa kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia. Aachwe akae katikati yao, mahali atakapochagua mwenyewe, na asionewe.

Soma tena hiyo. Iko kwenye Torati, imekuwako siku zote. Mimi nililelewa kanisani na sikumbuki kuisikia ikihubiriwa hata mara moja.

Kuna kisa kingine cha huko ambacho hunirudia sana. Howard Thurman, mwanateolojia Mmarekani Mweusi, alikuwa akimsomea Biblia bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi alikubali Zaburi, Isaya na Injili. Barua za Paulo hakutaka, isipokuwa ile sura ya upendo katika Wakorintho wa Kwanza. Miaka mingi baadaye mjukuu akathubutu kuuliza sababu. Bibi akamweleza kwamba wakati wa utumwa mhubiri wa bwana wao alikuwa akija na aya zile zile za watumwa na utiifu. Naye akajiahidi kwamba akipata uhuru na kujua kusoma, sehemu hiyo hataisoma. Thurman aliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 1949. Mimi sioni ni kukosa imani. Huyo bibi alijua aya hiyo inafanya nini ikiwa mikononi mwa nani.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyetawala pia pwani yetu, alitia sahihi mkataba na Uingereza. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Lakini kummiliki mtumwa kulibaki halali. Shika tofauti hiyo, maana mambo yote yanayofuata yanatoka hapo.

Mwaka 1875, shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, likiongozwa na William Salter Price, lilianzisha kijiji upande wa Kisauni. Kiliitwa Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa na Uingereza kuutafuta mkataba ule. Watu waliookolewa kutoka majahazini na manowari za Waingereza walishushwa hapo. Ukipanda matatu Mombasa leo na makanga akaita "Kengeleni!", anaitaja kengele ya kijiji hicho.

Hao waliookolewa baharini hawakuleta ugomvi wa kisheria, kwa kuwa waliowasafirisha ndio waliovunja mkataba. Ugomvi ulikuja na watoro: watu waliotoka kwa miguu yao kwenye mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa, wakafika misheni usiku. Kisheria hao walikuwa bado mali ya watu. Konsuli wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, aliwaonya wamisionari wasiwahifadhi. Mabwana waliona misheni ni nyumba ya kupokea mali ya wizi. Mwaka 1880 hasira ilipanda hadi kukawa na vitisho vya kuishambulia Frere Town.

Hebu jiweke pale. Wewe ni mtu wa misheni, una Biblia mkononi, na Onesimo amebisha hodi saa nane usiku. Ana alama za kamba. Sheria inasema arudishwe, Paulo anaonekana kusema arudi, Torati inasema asirudishwe. Wamisionari wa Kizungu waliyumba, mara wapokee, mara waagizwe wasipokee.

Walioyumba kidogo zaidi walikuwa Waafrika. Kikundi kimoja kiliitwa Waafrika wa Bombay: watu waliotekwa utotoni, wakaokolewa na Waingereza, wakasomeshwa India karibu na Nashik, kisha wakarudi kufanya kazi pwani. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Jones. Jones alifika Rabai mwaka 1864 kumsaidia Johannes Rebmann. Mwaka 1885 yeye na Semler waliwekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyeurudisha Rabai msafara uliobaki, ukiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, utukufu umeondoka.

Na hawakuwa peke yao. Katika nchi ya Wagiriama, muumini aitwaye David Koi aliongoza kijiji cha Fuladoyo, ambako watoro walijenga, wakalima na kusali mbali na macho ya wasimamizi wa Kizungu. Koi aliuawa kwa sababu ya kazi hiyo. Tunawajua wamisionari wengi kwa majina ya shule na makanisa. Jina la Koi ni wangapi tunalijua?

Chini ya Jones, Rabai iliendelea kujaa. Mwishoni mwa mwaka 1888, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodishwa pwani ya Sultan, ile ya IBEA, ilimleta mwakilishi wake George Mackenzie. Akakuta mabwana wako tayari kuvamia vijiji vya misheni. Orodha ilipofanywa, watoro walipatikana zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Mackenzie alihitaji amani na wenyeji wakubwa wa pwani ili biashara yake isimame, basi akapatana nao: mabwana walipwe fidia, watoro wapewe hati za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889 hati hizo zilitolewa Rabai kwa shangwe.

Angalia kilichotokea. Aya ya 18 ilitekelezwa neno kwa neno. Deni la Onesimo liliandikwa kwa jina la mtu mwingine, na likalipwa.

Sitaki kulidharau jambo hilo. Mwanamke aliyekunja karatasi ile ndani ya leso yake alijua kwamba asubuhi hatakuja mtu kumburuta yeye na mtoto wake. Mimi sina ubavu wa kumwambia karatasi yake ilikuwa na kasoro. Lakini swali la Gregori wa Nisa bado limesimama pale uwanjani: bei hiyo ilikuwa ya nini? Pesa zilienda kwa bwana. Mtu aliyelima mtama wa mwenzake miaka kumi bila ujira alihesabiwa kuwa ndiye mdaiwa. Utumwa wenyewe haukuguswa. Hadhi yake kisheria katika pwani yetu ilifutwa mwaka 1907, na hapo pia fidia ilipangiwa mabwana.

Aya ya 16, ile ya ndugu, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ndani ya Frere Town wasimamizi walichapa watu viboko na kuwafungia, hadi mwaka 1881 Waingereza wenyewe wakafanya uchunguzi. Waliokombolewa kutoka kwa bwana mmoja walikuta mwingine anayejua nyimbo za Sayuni. Kumnunulia mtu uhuru kuliwezekana. Kuketi naye meza moja na kumsikiliza, hilo lilichelewa sana.

Lugha yetu inaubeba mgogoro huu hadi leo. Neno bwana tunalitumia kwa Mungu, kwa mume, na zamani kwa mwenye watumwa. Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Mmoja anatumwa na hana la kusema, mwingine anatumwa na ujumbe. Na mwungwana, ambaye leo ni mtu mwenye adabu, pwani alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa. James Mbotela wa Frere Town, mtoto wa ukoo wa waliokombolewa, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, ndiye aliyeiuliza Kenya nzima redioni kwa miaka mingi: Je, Huu ni Uungwana? Wazazi wetu walicheka na kujirekebisha. Fikiria tena ni nani aliyekuwa akiuliza, na kwa neno gani.

Basi tunasomaje? Mimi nimepata msaada mahali ambapo kwa kawaida tunaruka, kwenye anwani ya barua. Paulo hakumwandikia Filemoni peke yake. Anawataja pia Afia na Arkipo, pamoja na kanisa linalokutana nyumbani kwake. Maana yake barua ilikuwa ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyeileta akiwa pale pale, na vumbi la safari miguuni. Kila mtu chumbani angemwona Filemoni anavyobadilika uso. Kila mtu angemwona Onesimo anavyosubiri.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa kwa aya ngumu. Sianzi na kuuliza kama ni ya zamani au ya leo. Nauliza: ingesomwa vipi yule inayemhusu akiwa amesimama mlangoni? Charles Colcock Jones alisoma mbele ya Onesimo wengi na hakuwaona. William Jones alikuwa ameuzwa utotoni, na alipowafungulia watoro wa Rabai alikuwa akijifungulia mwenyewe. Kitabu kilikuwa kimoja.

Pasta wetu si mtu mbaya. Hakujua tu kwamba safu ya nne kutoka nyuma alikaa mtoro.

Wiki iliyopita nilimtumia binamu yangu ile aya ya Kumbukumbu la Torati kwa WhatsApp, bila maelezo. Zilipita dakika kama kumi, tiki zikiwa za buluu. Kisha akajibu: "Mbona hawasomangi hii?"

Nilimwandikia kwamba hakufanya dhambi. Akaniambia hilo alishalijua tangu usiku ule alipofungua mlango wa nyuma. Alichotaka kujua ni kama sisi tunalijua. Halafu akauliza kama namjua wakili anayeweza kumsaidia kuandika barua. Bado anadai mshahara wa miezi minne, na safari hii barua anataka iandikwe kwa jina lake.